Urithi wa Mhariri Okullu



Askofu Henry Okullu, aliyefariki mwaka 1999, hukumbukwa zaidi kwa mahubiri yake ya kudai haki katika Kenya ya chama kimoja. Wachache hukumbuka kwamba, kabla ya kuwekwa wakfu kuwa Askofu wa Maseno Kusini mwaka 1974, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuyahariri magazeti ya kanisa yaliyotolewa Nairobi: Target kwa Kiingereza na Lengo kwa Kiswahili.

Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, watu wengi walilishwa viapo vya kikabila, wengine kwa kulazimishwa, na Wakristo walikuwa miongoni mwao. Target lilivipinga waziwazi. Je, aliyebatizwa aweza kuapa kujitenga na jirani yake? Hilo ni swali la teolojia, ingawa lilifika mezani kwa mhariri kama habari za wiki. Teolojia ya namna hiyo haingoji kubandikwa aya ya Biblia mwishoni mwa makala ili ipate baraka. Okullu aliiendeleza hoja ya kanisa na siasa katika kitabu chake Church and Politics in East Africa, cha mwaka 1974.

Njia hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1988 serikali ililipiga marufuku gazeti la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, lililokuwa limefichua udanganyifu katika uchaguzi wa mlolongo. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kifungo kwa kutowasilisha taarifa za mauzo. Kosa la makaratasi!

Siku hizi marufuku haihitajiki sana. Vijarida vyetu vingi hujaa picha za mawe ya msingi, jubilei na harambee, na mara nyingine mgeni rasmi wa harambee ndiye yule yule anayelalamikiwa na wanakijiji kwa ardhi yao. Mhariri amwandike vipi aliyelinunulia kanisa mabati? Hatusemi sadaka yake irudishwe. Tunasema isinunue ukimya. Kijarida kinacholipiwa na mfadhili mmoja hakiwezi kumhoji, hata mhariri wake awe jasiri namna gani.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za Haki na Amani zilijadili jambo hili kabla ya bajeti ya mwaka ujao: ni nani atakayelipia karatasi na wino, na je, waamini wenyewe wako tayari kuchanga?