Maisha ya Dungu si Maigizo

Katika Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, nyumba za jadi za makabila yetu zimejengwa upya, na katika siku za utamaduni jamii hupika na kucheza ngoma kama wazee wa karne ya 19. Ni kazi njema, ila maisha hayo huigizwa bila homa. Mgeni huyaona mafiga. Hamwoni mtoto aliyetetemeka kando yake.

Katika Bonde la Kilombero, karne hiyo haijaondoka yote. Wandamba walijenga juu ya nguzo kuyakwepa mafuriko. Wabena waliteremka kutoka nyanda za juu wakalowea bondeni. Hata leo mkulima wa Chita huhamia shambani msimu wa mpunga, akaishi katika dungu lenye sakafu ya miti iliyoinuliwa na paa la nyasi, mara nyingi bila kuta kamili. Mchana hufukuza ndege; usiku mbu aina ya anofelesi humfikia bila kizuizi. Chandarua cha familia kikibaki kijijini kwa watoto wa shule, aliye shambani hulala wazi.

Basi, penye nyumba ya kale paelezwe pia maradhi ya wakazi wake. Nasi wa taaluma ya afya tupeleke mashambani chandarua cha pili, kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto kupitia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kabla maji hayajafunga njia. Ujuzi wa kujenga juu ya maji tuuenzi, homa tusiirithishe.