Mila Iliyopigwa Chapa Serikalini

Mwaka wa masomo ukianza, somo la utangulizi wa jinsia na jamii hupokelewa vyuoni kwa hoja ileile: haya ni mambo ya Wazungu, yameletwa na fedha za wafadhili kuja kuvuruga mila ambazo wazee wetu waliziishi bila ubishi. Hoja hii inasikika kizalendo, ndiyo maana wengi hawaichunguzi. Ukiichunguza, unakuta kilichopitia mikononi mwa mkoloni kimo humohumo ndani ya hizo mila.

Tuchukue urithi wa ardhi nchini Tanzania. Kaka anayemnyima dada yake shamba la marehemu baba yao kwa madai kwamba mila haziruhusu, mara nyingi anaegemea, pengine bila kujua, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja: mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti wote la tatu. Ardhi ya ukoo binti ataitumia tu, asiiuze, maadamu yupo mwanamume wa ukoo huo. Msingi mkubwa wa kanuni hizo ni kazi ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, ambaye mwaka 1945 alishirikiana na mwandishi mwenzake, Hartnoll, kuchapisha kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Desturi zilizokuwa zikijadiliwa shauri kwa shauri, familia kwa familia, zikapewa namba na kugandishwa. Tena tangazo lenyewe lilizihusu jamii zinazofuata ukoo wa baba. Waluguru na Wakaguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, hawakuhusika. Sasa anayesema "mila zetu" anasemea mila za nani?

Nitajibiwa kwamba hata Uluguru mwenye sauti ni mjomba. Ni kweli, na mwalimu yeyote makini wa somo hili ataanzia hapo: kuhesabu ukoo kwa mama hakumfanyi mama kuwa mtawala. Lakini jibu hilo linakubali kwamba nani arithi na nani aamue ni mipango ya watu, na mipango hutofautiana kutoka mlima hadi mlima. Wakurya wanao utaratibu wa nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mwanamke mwenzake mahari ya ng'ombe, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa nyumba yake. Hakuna mfadhili aliyewafundisha Wakurya kwamba maumbile ya mtu ni jambo moja na nafasi yake katika jamii ni jambo jingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba nadharia zenyewe zimetoka Ulaya na Marekani. Nyingi ndiyo, na mihtasari inayozimeza nzimanzima inastahili kukosolewa. Ila ukosoaji huo ulishafanyika ndani ya taaluma yenyewe: Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria alitoa kitabu kizima mwaka 1997 akidai kwamba watafiti wa Magharibi waliwabebesha Wayoruba migawanyo ya kijinsia isiyokuwa yao. Mwanafunzi aliyesusa darasa hatamsoma, atabaki akirudia lalamiko lake kwa ulimi mzito.

Turudi kwenye urithi wa ardhi. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya alikuwa na haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake. Wajane wawili walipoomba kanuni zile za 1963 zifutwe, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta kwa maelezo kwamba mila hazibadiliki kwa tamko la mahakama. Kwa tamko la Gazeti la Serikali zilibadilika vizuri tu.