Mbegu kufika si mimba kutungwa

Mke akimaliza miaka miwili katika ndoa bila kushika mimba, aghalabu lawama humwangukia yeye. Mawifi hunong'ona, na hata mama mkwe hudokeza habari ya mke wa pili. Bwana naye, akishurutishwa kwenda hospitalini na kuambiwa kuwa mbegu zake ni nyingi na zaogelea vizuri, hurudi nyumbani kifua mbele. Kumbe kuogelea ni nusu tu ya safari!

Kati ya mamilioni ya mbegu zinazoanza safari hiyo, ni mamia machache tu zinazokaribia yai. Yai lenyewe limezingirwa na utando mnene wa protini. Mbegu huushika utando huo, kofia iliyo kichwani mwake hupasuka, nayo hupenya hadi kwenye ngozi ya yai. Hapo ni lazima ishikwe, la sivyo imefika bure.

Mwaka wa 2005, Masaru Okabe na watafiti wenzake nchini Japani walitangaza protini ya mbegu inayohusika. Waliiita Izumo, jina la hekalu ambako Wajapani huombea ndoa. Panya dume waliozaliwa bila protini hiyo walikuwa na afya njema, na mbegu zao zilipenya utando wa yai. Lakini hawakuzalisha. Mwaka wa 2014, Enrica Bianchi, Gavin Wright na wenzao huko Uingereza walipata protini ya yai inayoishika Izumo, wakaipa jina la Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi wa kale. Safari hii panya jike wasio na Juno ndio waliokuwa tasa. Katika binadamu pia protini hizi mbili hushikana.

Jambo linalonishangaza zaidi hutokea baadaye. Mbegu moja ikishaingia, yai huiondoa Juno kwenye ngozi yake kwa muda wa dakika 40 hivi. Mbegu zinazochelewa hazipati pa kushika, na ni heri, kwani mimba iliyotungwa kwa mbegu mbili kwa kawaida huharibika.

Sasa turudi kwa yule bwana. Kipimo alichofanyiwa huhesabu mbegu na kutazama mwendo na umbo lake. Hakipimi protini hizi. Ndiyo maana mume na mke waweza kuambiwa wote ni wazima na bado mtoto asipatikane.

Tangu 1992, madaktari wa Brussels walipotangaza mafanikio yao, kuna njia ya kuchukua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno, bila kungoja protini hizo zishikane. Nchini Kenya, watoto wa kwanza waliotungwa nje ya tumbo la mama walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006. Gharama ni kubwa, na kabla ya kuanza, mume na mke hupimwa wote wawili.