Kijani Kipi Chumbani kwa Bibi?

Mama mkwe alipokubali kuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe, tuliazimia kumpakia chumba rangi ya kijani, maana maisha yake yote amezoea shamba. Dukani tulikuta kijani mbili zinazofanana kama mapacha. Fundi alitaka tuchague palepale. Tulikataa.

Tulinunua kikopo cha kila moja, tukapaka vipande viwili vya ubao, mara mbili kila kimoja, tukaviegemeza ukutani. Rangi ya maji ikikauka hukoza, basi msiiamini iliyo mbichi koponi. Mchana, dirisha likiwa wazi, hatukuona tofauti. Usiku tulipowasha balbu ya mwanga wa manjano, ile yenye umanjano ndani yake ilichangamka kama jani changa la mgomba; ile yenye ubuluu ilififia ikawa kama kijivu, chumba kikawa kama cha matanga. Na bibi huamka usiku kusali!

Tulichukua ile ya kwanza, ingawa baba watoto aliipenda ya pili. Kikopo chake tumempakia mlango wa stoo, asinung'unike.