Barua Zisizo na Mrithi

Mbalizi ni mji wa njiani. Upo magharibi ya jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na malori hupita humo usiku na mchana. Mnunuzi wa simu katika mji huo, sawa na mwenziwe wa Darajani au wa Kongowea, aghalabu hajifungulii akaunti mwenyewe. Kazi hiyo humwachia muuzaji au fundi, naye huandika jina lolote na neno la siri lolote limjialo kichwani, akabonyeza kukubali mara tatu nne pasipo kusoma, kisha akamkabidhi mteja simu iliyo tayari. Mteja huondoka ameridhika. Kwa dakika kumi amekuwa mpangaji wa Google, mkataba hakuuona, wala ufunguo hanao.

Wako wanaoliita jambo hili neema, na sifa zao si za uongo. Barua pepe ya kampuni hiyo ilipotolewa mwaka 2004, ikiwa na nafasi ya gigabaiti moja, ilikuwa ghala mbele ya watu waliozoea vijaluba. Mwaka 2005 ikaja ramani. Mwaka 2006 kampuni ikainunua YouTube. Mwaka 2009 Kiswahili kikatiwa katika mtambo wake wa kutafsiri, mwaka ule ule mkonge wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam. Mtu wa Mbalizi aliyekuwa akipanda basi hadi Mbeya mjini, akapanga foleni kulipia nusu saa ya kompyuta, leo ana posta, atlasi, albamu na mkalimani mfukoni mwake. Mwenye kuyabeza haya hajapata kutuma barua kwa mkono wa kondakta akangoja jibu.

Walakini sifa hizo husimulia siku ya kupewa tu. Mwenye nyumba huyu ana tabia ya kujenga vyumba kwa shangwe na kuvibomoa kwa tangazo fupi: Google Reader ilifungwa mwaka 2013, Orkut mwaka 2014, Google+ mwaka 2019. Picha zilizokaribishwa bila ya kikomo tangu mwaka 2015 zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Juni 2021, nazo zikawa zinagombea gigabaiti 15 zile zile pamoja na barua na nyaraka. Na mwezi wa Desemba 2023 lilianza lililo zito kuliko yote: akaunti ya mtu binafsi isiyoingiwa kwa miaka miwili ikawa halali kufutwa, yeye na vyote vilivyomo. Kampuni ilipotangaza amri hiyo ilisema haikukusudia kuzigusa akaunti zenye video za YouTube. Basi wimbo wa kwaya, unaoweza kubandikwa tangazo la biashara, ukasamehewa. Barua ya mama kwa mwanawe haikusamehewa.

Hapa ndipo lile neno la siri la fundi linapomrudia mteja. Simu yake huanguka majini au huibwa stendi. Hununua nyingine, na kwa kuwa hakumbuki alichoandikiwa mara ya kwanza, hufunguliwa akaunti mpya. Ile ya kwanza hubaki imenyamaza, na ndani yake zimo picha za maziko ya baba, hesabu za chama cha kuweka na kukopa, na pengine beti alizozitunga usiku. Mwenyewe yu hai, anatembea sokoni, lakini kwa daftari la kampuni ni mtu asiyekuwapo. Miaka miwili ikitimia, amekwisha.

Wapenzi wa ushairi wanao mfano wa kulipimia jambo hili. Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na zilizohifadhiwa ni za tangu mwaka 1931 hadi 1958. Malenga huyo alifariki mwaka 1962. Barua zake zilichapishwa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, yaani miaka 40 baada ya kifo chake. Kwa muda wote huo hazikudai neno la siri, wala hakuna aliyelazimika kuingia humo kila baada ya muda kuthibitisha kwamba mwenyewe angali hai. Zilidai ndugu mwenye kuthamini karatasi, basi. Lau zingaliandikwa kwa anwani ya bure, kwa kanuni ya leo zingaliweza kufutwa mwaka 1964, na wanaomsoma Shaaban Robert wangalibaki na vitabu vyake pasipo kumsikia akisema na nduguye.

Mawakili wa kampuni watajibu kwamba akaunti zilizotelekezwa huibwa kwa wepesi, na kwamba onyo hutolewa kabla. Vile vile tangu mwaka 2013 kuna mahali pa kumtaja mtu wa kuachiwa vilivyomo. Yote ni kweli. Lakini onyo hupelekwa katika kasha lile lile ambalo ufunguo wake umepotea, au katika anwani ya akiba ambayo fundi hakuiandika. Na pahala pa kumtaja mrithi pamezikwa chini ya kurasa ambazo fundi mwenyewe hajazifika, seuze mteja. Wasia uliofichwa asiojua mwenye mali ni wasia gani?

Wala lawama haikomei California. Washairi wa pwani, waliolelewa kwa hati zilizofungwa kitambaani, wanaweka diwani nzima katika simu moja. Wahariri nao hupokea mashairi kwa barua pepe, wakaridhika kwamba yapo huko, na huko kwenyewe hawakujui.

Risiti ya simu ina upande wa nyuma ulio mtupu. Fundi wa Mbalizi na aandike hapo, kwa kalamu, anwani na neno la siri, kabla ya kupokea fedha yake. Mteja naye aiweke karatasi hiyo nyumbani, pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo.