Daktari Asiyependa Kamera Asikae Kimya

Alfajiri moja nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, nikisubiri dagaa wa jumla. Kina mama watatu walikuwa wanachambua dagaa, na mbele yao simu imeegemezwa kwenye ndoo. Ndani ya simu alikuwamo kijana aliyevaa koti jeupe, shingoni kaning'iniza kipimo cha kusikilizia moyo, ananadi chupa ya maji ya kahawia. Chupa hiyo, kwa maneno yake, husafisha ini, figo, kibofu, kizazi, na hata nyota ya mtu. Mama mmoja alichomoa kalamu kwenye pindo la kanga akaandika namba ya simu kiganjani. Hakuna aliyeuliza kijana yule alisomea wapi. Koti lilikwisha kuwajibu.

Toka pale hadi kilima cha Bugando si mwendo mrefu. Hospitali iliyo juu yake imekuwapo tangu mwaka 1971, na ubavuni mwake kuna chuo kikuu cha afya. Mjini tunayo hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, tunacho kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu, tunazo zahanati hadi visiwa vya Ukerewe. Elimu tunayo. Ila elimu hiyo imekaa kilimani, na simu ya mwaloni ameishikilia mwingine.

Ndugu zangu madaktari, nimewauliza baadhi yenu kwa nini. Jibu ni lile lile: mimi na kamera hatupatani. Mmoja aliniambia kwamba anaweza kusimama saa sita chumba cha upasuaji bila mkono kutetemeka, lakini akielekezewa simu usoni anasahau hata jina la ugonjwa. Namwamini. Wala sioni aibu ndani yake. Kazi yenu imewalea kutazama, si kutazamwa. Kusikiliza siri za watu na kuzifunika. Tena mnaogopa wenzenu watasema huyu anatafuta umaarufu. Haya hiyo ni ya watu wastaarabu, na sitaki muivue. Sitawaomba mcheze muziki huku mkinyoosha kidole kwenye maandishi.

Ninachowaambia ni kwamba uso haukuwa sharti tangu hapo. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakabishana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kando ya nyumba zao. Nani kati yao aliujua uso wa mtaalamu aliyeandika maneno yale? Hawakuuhitaji. Walihitaji sauti tulivu, lugha yao, na jambo la kufanya kesho asubuhi. Simu za leo zinapokea vyote hivyo: sauti, mchoro, maandishi, picha ya mikono.

Chukueni kichocho. Ugonjwa huu ni wetu, watu wa ziwa, na ungeweza kuwatosha mwaka mzima. Daktari avae glavu, aweke konokono mdogo wa kando ya maji juu ya kiganja, apige picha ya kiganja basi. Chini yake aeleze kwa sauti kwamba vijidudu hutoka kwa konokono huyo, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa dakika chache tu, bila kidonda wala maumivu ya kumshtua. Siku nyingine apige picha ya ndoo yenye mfuniko, aseme kwamba maji ya ziwa yakichotwa pasipo konokono na kuachwa siku mbili, vijidudu vile hufa. Siku ya tatu aonyeshe ule ufito wa kupimia urefu wanaotumia shuleni kugawa dawa ya prazikwanteli, ili mzazi aelewe kwa nini mwanawe alipewa vidonge vingi kuliko mwenzake, na kwa nini dawa iliyomtibu mwaka jana haimkingi akirudi kuoga pale pale.

Kisha achore. Penseli na karatasi vinatosha: ini, mshipa mkubwa unaoingia humo, na mishipa ya koo la chakula. Vijidudu vile hukua kuwa minyoo mwilini; mayai yao yanakwama kwenye ini, ini linapata makovu, damu inakosa njia, mishipa ya juu inavimba mpaka siku moja inapasuka. Hapo ndipo mvuvi mwenye nguvu zake anapotapika damu beseni zima, na ndugu zake wanaanza kumtafuta mchawi. Mchoro mmoja wa namna hii ungeokoa vikongwe wangapi wanaonyooshewa kidole kwa damu iliyotoka kwenye mshipa? Nalisema hili kwa uchungu, maana katika Kanda ya Ziwa tumezika watu kwa tuhuma za uchawi, na maradhi yasiyoelezwa ndiyo yanayozichochea.

Na wanaoishi mbali na ziwa, huko Misungwi na Kwimba kwenye majaruba ya mpunga, wana kichocho cha mkojo. Mwanamke anaweza kupata vidonda vya ukeni kwa kichocho hicho, akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, na ndoa ikavunjika. Habari hii mwanamke hawezi kuisikiliza mbele ya watu. Sauti ya dakika moja, inayotumwa kwa WhatsApp toka kwa dada hadi kwa dada, itaingia chumbani ambako video ya daktari mwenye tai isingeingia.

Mkinijibu kwamba hamjui mseme nini, nitawauliza: leo asubuhi kliniki mmeulizwa maswali mangapi? Lile mliloulizwa mara tatu ndilo la kuandika jioni. Mama anauliza maji ya chumvi na sukari yanachanganywaje mtoto akiharisha na pakiti hazipo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mikono miwili ikisawazisha kijiko kwa kisu, basi. Baba anauliza kwa nini mtoto wake ana selimundu ilhali yeye na mkewe ni wazima. Nchi yetu hukadiriwa kuzaa watoto 11,000 hivi wenye ugonjwa huo kila mwaka, na si wachache kati yao ni wa kanda hii. Weka punje nne za mahindi mezani, mbili nyeupe na mbili za manjano, umwonyeshe zinavyogawanyika kwa baba na mama. Atakuelewa kuliko angepewa jina la kimombo la ugonjwa.

Lugha nayo msiisahau. Daktari aliyezaliwa Magu, akianza kwa salamu ya mwangaluka na kuendelea kwa Kisukuma, bibi wa Kwimba ataomba arudishiwe tena. Kikerewe na Kijita vilevile. Muuza chupa yule hana lugha zenu zote.

Lipo sharti moja ambalo silegezi. Mgonjwa asiguswe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana, na kiapo chenu kiliwabana kabla yake. Wala kuficha sura na jina hakutoshi. Ukisema mvuvi fulani wa kisiwa fulani, aliyeletwa Jumanne usiku na ndugu zake wawili, visiwani wote wamekwisha kumjua. Simulieni ugonjwa, mwacheni mtu. Na anayeomba kipimo cha dawa kwa ujumbe aelekezwe zahanati iliyo karibu naye. Dawa haipimwi kwa kukisia mwili usiouona.

Mwingine atasema hana wakati. Naijua foleni ya wagonjwa wa nje, na sitaki kuwabebesha mzigo juu ya mzigo. Lakini kumbukeni mwaka 2011, magari yalivyopangana kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, nami simsemi vibaya. Natusema sisi tuliokwenda. Walikuwamo waliokatiza dawa zao za kila siku, na waliporudi wodini muda wenu ulikwenda kwa kuwahangaikia. Dakika tano za jioni ni nafuu kuliko usiku mzima wa kumwongezea mtu damu.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wa walionunua chupa kama ile ya mwaloni. Alikunywa maji ya kahawia miezi minne kwa tumbo lililokuwa linavimba, kwa sababu mtu aliyevaa koti alimwambia ni gesi. Hatukumwahi.

Ndiyo maana mwezi uliopita, kwenye mwalo mmoja wa upande wa Sengerema, nilisimama muda mrefu mbele ya mwenye mtumbwi aliyenionyesha simu yake. Palikuwa na picha ya mchoro wa penseli juu ya kipande cha boksi la glavu: ini, mshipa, mshale, na chini yake mwandiko wa haraka, wa daktari kweli, unaosema anayetapika damu au kuvimba tumbo asisubiri, akapimwe kichocho. Mstari mwingine ulitaja siku za kupima katika zahanati ya pale. Mchoro ulikwisha kupita simu nyingi, ukingoni picha imefifia. Nilimwuliza kama anamfahamu aliyeuchora. Akasema hapana, ameletewa na wavuvi wenzake. Kisha akageuka kuwaita vijana wake wawili washuke mtumbwini, maana siku hiyo ilikuwa ya kupima.