Neno "Minute": Ni Jina au ni Tendo?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme juu ya neno moja la Kiingereza ambalo kila karani hukutana nalo kabla jua halijawa kali, nalo ni "minute". Wako wenzetu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha maskini, kwa sababu hakina neno moja liwezalo kufanya kazi zote za neno hilo, na ati ndiyo maana barua za Kiswahili hurefuka. Mimi sikubali.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. "A minute" ni dakika. "A minute" pia ni maneno machache yaandikwayo ndani ya faili, yakatiwa namba, tarehe na sahihi, ambayo katika ofisi za Tanzania siku hizi huitwa dokezo. "The minutes" ni kumbukumbu za mkutano, au muhtasari kama wengine wapendavyo. Juu ya hayo, "to minute" ni kuandika dokezo, au kumwandikia mtu dokezo, au kulitia jambo katika kumbukumbu za mkutano. Tena liko neno la herufi zile zile lisomwalo "mainyuti", na maana yake ni -dogo sana. Hilo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na asili, maana yote yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichopunguzwa. Wataalamu wa nyota waliigawa sehemu kubwa wakapata "sehemu ndogo ya kwanza", ndiyo dakika, kisha wakaigawa tena wakapata "sehemu ndogo ya pili", ndiyo iliyozaa "second" ya Kiingereza na sekunde yetu. Dakika nayo, tuliyoipata kwa Waarabu, asili yake ni kitu chembamba au kilicholainika. Hata unga huitwa kwa neno la jamaa hiyo. Basi wote walianza mahali pamoja, lakini Mwingereza alilichukua neno lile akalipa na kazi ya kutenda.

Zamani Waingereza nao walikuwa na desturi inayokaribia yetu. Jina lilikuwa na mwisho wake na tendo lilikuwa na mwisho wake: upendo waliuita "lufu", na kupenda waliita "lufian". Karne zilivyopita, miisho ile ilimomonyoka vinywani mwa watu, likabaki "love" moja kwa kazi mbili, kama kanzu ivaliwayo kwa zamu na ndugu wawili. Wakazoea hivyo, hata maneno waliyoyapokea kwa Wafaransa na kwa Kilatini wakayatumia vivyo hivyo bila kuyaongeza silabi. Kinacholitambulisha neno ni mahali lilipokaa. Likitanguliwa na "a" au "the", ni jina. Likitanguliwa na "to" au "I will", ni tendo. Pengine sauti husaidia: "permit" ikikazwa mwanzo ni cheti cha ruhusa, ikikazwa mwisho ni kuruhusu. Lakini karatasi haina sauti, na "minute" ya jina na ya tendo husikika sawasawa hata ukiisoma kwa nguvu.

Kiswahili hakiendi hivyo. Shina ni moja, lakini kila kazi ina vazi lake. Kuandika ni tendo. Mwandishi ni mtu. Mwandiko ni namna ya mkono wake. Andiko ni kile kilichoandikwa. Uandishi ni kazi yenyewe. Huwezi kumwita mwandishi ukaitikiwa na mwandiko. Kweli, tunayo maneno machache yafananayo, kama pima lililo kipimo cha mikono miwili iliyonyoshwa na pima ya kupima; lakini tukisema "nimepima" au "pima tatu" hapana awezaye kukosea.

Nitatoa mfano, ili nisionekane nabishana kwa ajili ya ubishi. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mjane wa tarishi aliomba kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Faili likapelekwa kwa mkuu, naye kwa haraka akaandika ubavuni mwa barua ile maneno mawili tu: "Minute Accounts". Yeye alikusudia amri, yaani mwandikie Mhasibu dokezo. Karani wa masijala akalisoma kama jina, yaani liko dokezo la Uhasibu, basi jambo hili limekwisha kupita huko. Akalirudisha faili rafuni. Likalala humo tangu mavuno hata mavuno mengine. Mjane alikuja mara nyingi, na kila mara aliambiwa kwa adabu kwamba shauri lake linaangaliwa. Siwezi kumlaumu sana karani, ingawa angaliweza kufungua kurasa akaona kwamba dokezo hilo halimo. Wala mkuu hakuwa mvivu. Lakini kama angaliandika "Mwandikie Mhasibu", hata mtoto wa shule asingalidhani kwamba hayo ni jina la kitu.

Basi ndugu wanaodai kwamba Kiingereza ni kifupi, na walitazame neno hili: "amemwandikia". Ndani yake yumo aliyetenda, umo wakati, yumo aliyepelekewa, na tendo lenyewe limo. Kiingereza chahitaji maneno matano kusema hayo, na kikiyabana yakawa "minuted", basi mtendaji amepotea na mpokeaji amepotea pia.

Nakiri kwamba sisi nasi twaweza kujificha. "Imeandikwa", "imeamriwa", "imeonekana": haya ni majani ya kujifunika tusiyokopa kwa mtu. Afadhali hapo jina "minute" kuliko tendo lake, maana dokezo lina mwenyewe. Tarehe 2 Februari 1835 Thomas Macaulay aliandika dokezo huko India, akitaka fedha za serikali za elimu zitumike kufundisha Kiingereza badala ya Kisanskriti na Kiarabu. Gavana Mkuu, Lord William Bentinck, akatia chini yake maneno machache kwamba anakubali. Lililotokea kwa lugha za wenyeji baada ya hapo watu wangali wanalijadili, lakini hapana asiyejua ni nani aliyeandika na ni nani aliyekubali, kwa kuwa karatasi ipo na majina yapo.

Wala wasidhani wenzetu kwamba wenye lugha yao hawatatiziki. Churchill ameeleza katika historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyowaambia wenzao wa Marekani kwamba wataka "to table" karatasi fulani. Kwa Mwingereza maana yake ni kuileta mezani ijadiliwe upesi. Kwa Mmarekani ni kuiweka kando isahauliwe. Wakabishana kwa muda mrefu, hata kwa uchungu, kabla hawajatambua kwamba wote walitaka jambo moja. Meza yenyewe haikuwaambia lolote juu ya lile linalotendwa juu yake. (Sisi tungesema kumeza, tungekuwa tumeila karatasi.)

Nalipenda zaidi lile tulilolifanya wenyewe kwa vitu vigeni. Mwingereza ana "telephone" ya jina na "telephone" ya tendo, "iron" ya jina na "iron" ya tendo. Mswahili alikipokea kitu, akakipa jina, kisha akakitafutia tendo la kukifanyia kazi: twapiga simu, twapiga pasi, twapiga chapa, twapiga picha. Chombo hakichanganywi na kazi. Hata matendo tuliyoyapokea kwa Waarabu, kama kusajili na kujibu, yalikubali desturi za nyumba: barua yasajiliwa, na mtu hujibiwa. Ndiyo maana masikio yangu huumia nikisikia katika ofisi zetu, "Ume-minute?" "Nimesha-minute." Si kwa sababu neno ni geni, faili ni geni, risiti ni geni, na hatuna ugomvi nayo. Huumia kwa sababu anayejibu hivyo hajasema amemwandikia nani, wala anayeuliza hajui kama ameulizia karatasi au kazi.

Kwa hiyo naliweka mbele ya wanachama shauri hili. Katika shughuli za Chama tuseme dokezo kwa yaandikwayo katika faili, na kumbukumbu kwa yaandikwayo mkutanoni, tusivichanganye hivi viwili. Kwa tendo tuseme kuandika dokezo, na aliyepelekewa atajwe: "Katibu amemwandikia Mweka Hazina dokezo namba 7". Na ndugu apelekewaye faili la Kiingereza lenye neno hilo pasipo "a" wala "the" wala "to", alirudishe kwa aliyeandika amuulize, hata kama ni mkubwa wake, kabla ya kulirudisha rafuni.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jawabu. Mtumishi akipelekwa kwa muda katika idara nyingine, Waingereza husema "to second", nalo ni neno lile lile la sekunde, na la kuunga mkono hoja, ila hapo hukazwa mwishoni. Sisi wengine husema kuazimwa, na wengine hawapendi, ati mtu si jembe. Ndugu mwenye neno bora na alilete kwa Mhariri kabla ya toleo lijalo.

Ni mimi,
Karani wa Masijala